Kilwa Kisiwani Haikujengwa na Wageni

Kabla mashua haijagusa mchanga wa Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale katika pwani ya kusini ya Tanzania, mara nyingi nimeshaulizwa kama magofu yale yalijengwa na Waarabu au na Waajemi. Nimewaongoza wageni wa kila aina, na inaniuma zaidi swali hilo linapotoka kwa mwalimu Mtanzania aliyekuja na wanafunzi wake, kwa kuwa watoto wale watarudi nyumbani wakiamini kwamba babu zao walikuwa watazamaji tu wa mji huu.

Ukweli umelala chini ya kuta zenyewe. Wachimbuaji wa mambo ya kale walipofika chini ya tabaka za mawe walikuta mabaki ya nyumba za miti na udongo, pamoja na vigae vya vyungu vya aina iliyoenea katika pwani yote ya Afrika Mashariki, vya tangu karne ya 9 hivi. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa karne ya 11, watu wakiwa wamekwisha kuishi pale kwa vizazi kadhaa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyefika mwaka 1331, aliandika kwamba wengi wa wakazi wa mji walikuwa Wazanji, yaani watu weusi.

Ni kweli kwamba masimulizi ya Kilwa yanamtaja Ali bin Hasan wa Shirazi, mji wa Uajemi, anayesemekana kukinunua kisiwa kwa nguo, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika wa pwani hii tangu mwaka 1000 hivi. Lakini hata masimulizi hayo yanasema kisiwa kilinunuliwa, na kinachonunuliwa kina mwenyewe. Mgeni aliyeoa Kilwa aliingia katika ukoo, akafuata lugha ya wakweze.

Ninachowasihi wageni ni waingie katika chumba kimoja cha mawe, wasimame katikati na kunyoosha mikono. Upana hauzidi sana mita 3, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndefu kuliko hapo hazibebi mzigo wa mawe na chokaa. Kisha watazame mihrabu ya msikiti, yaani kidaka kinachoonyesha kibla, ambayo mawe yake ni matumbawe yaliyokatwa baharini yangali laini, yakachongwa kabla hayajakauka na kuwa magumu. Huo ni ufundi wa watu wanaoyajua maji ya kwao na mikoko ya kwao.

Dhana nyingine hazinichukulii muda mrefu. Ngome ya kisiwani iitwayo Gereza si jela ya watumwa, wala jengo linaloonekana leo si la Wareno: wao walijenga ngome mwaka 1505 na kuondoka mwaka 1512, na sehemu kubwa ya kuta zilizosimama ni za enzi ya Waomani, karibu mwaka 1800. Biashara ya watumwa ilikuwepo Kisiwani katika karne ya 18, kisha ikashamiri Kilwa Kivinje, mji wa bara, katika karne ya 19, lakini utajiri uliojenga Husuni Kubwa, jumba la sultani, mwanzoni mwa karne ya 14 ulitokana hasa na dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo.

Wapo pia wanaodhani kwamba kisiwa ni makumbusho matupu. Ni kijiji chenye wavuvi, mashamba na misikiti inayosaliwa, kwa hiyo mgeni avae nguo za heshima, aanze na salamu kwa wazee, na asimpige mtu picha bila idhini. Kibali cha kuingia magofuni huchukuliwa Kilwa Masoko, mji wa bara unaokabili kisiwa, kabla ya kuvuka, na nusu saa haitoshi. Njooni asubuhi, mwende kwa miguu hadi Husuni Kubwa. Vigae mtakavyovikanyaga njiani viacheni palepale, kwa sababu kigae kilichotiwa mfukoni hakiwezi tena kumwambia mtafiti kilitoka tabaka lipi.