Kufuga malishoni: kuku na nguruwe wanaohamishwa, si wanaozurura

Ukitaja kuku wa malishoni, wengi wetu tunawaza kuku wa bibi kijijini: asubuhi mlango wa banda unafunguliwa, kuku wanatawanyika hadi kwa jirani, wanachakura jalalani, jioni wanarudi wenyewe. Huo ni ufugaji huria, na una mahali pake. Kufuga malishoni ni habari nyingine. Mnyama yuko nje juu ya majani, lakini mfugaji ndiye anayeamua leo ale wapi, na baada ya muda mfupi anamhamisha, kisha kipande alichotoka kinapumzishwa mpaka majani yaote tena. Kuna majani, kuna uzio, kuna kuhama. Ukiacha kuhama, baada ya mwezi utabaki na uwanja wa vumbi wenye harufu.

Sababu kubwa ya kuhama ni kinyesi. Kinyesi cha kuku kikisambaa kidogo kidogo shambani ni samadi nzuri kuliko nyingi unazonunua. Kikirundikana mahali pamoja kinaunguza majani, kinaita nzi, na kwenye unyevu kinalea vimelea vya koksidiosisi, ule ugonjwa wa kuharisha damu unaomaliza vifaranga. Minyoo nayo hutegemea mnyama arudie kula pale pale alipojisaidia. Ukimtoa mapema, umekata sehemu ya mzunguko huo. Nasema sehemu, kwa sababu mayai ya minyoo mikubwa ya nguruwe hukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Dawa ya minyoo bado utainunua.

Shamba lililoutangaza sana utaratibu huu ni Polyface, la familia ya Salatin, katika bonde la Shenandoah, jimbo la Virginia, Marekani. Joel Salatin hufuga kuku wa nyama ndani ya mabanda mafupi yasiyo na sakafu, futi 10 kwa 12, kimo futi 2 tu, kila moja na kuku wapatao 75. Kila siku banda linasogezwa mbele hatua moja ya urefu wake. Kuku wa mayai wana kazi tofauti: wanapelekwa palipokuwa na ng'ombe, siku tatu hivi baada ya ng'ombe kuondoka, funza wa nzi wakiwa wameshanenepa ndani ya kinyesi. Kuku wanachakura kutafuta funza, na katika kuchakura wanakisambaza kile kinyesi na kupunguza nzi. Hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo.

Huku kwetu banda la ukubwa ule likiundwa kwa mbao ngumu litashinda watu wawili kulisukuma. Anza na mita 2 kwa 3: fremu nyepesi ya mianzi au mbao za sentimita chache, wavu wa kuku pembeni, bati kwenye nusu ya juu kwa ajili ya kivuli na mvua, nusu nyingine wavu mtupu. Kwa joto letu usizidishe kuku 30 wa nyama. Hesabu ya ardhi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: robo eka ni kama mita za mraba 1,000, na banda hilo linachukua 6 kwa siku. Maana yake unaweza kulisogeza kila siku kwa zaidi ya miezi mitano kabla ya kukanyaga tena pale ulipoanzia.

Kusogeza kunafanywa asubuhi, kabla ya kuwapa chakula, wakiwa na njaa na hamu ya kwenda mbele. Inua upande wa nyuma kidogo, sukuma taratibu, simama, tazama kama kuna mguu ulionaswa chini ya fremu, sukuma tena. Wakishafika kwenye majani mapya utaona kitu ambacho kuku wa ndani hakupi nafasi ya kukiona: dakika za kwanza chombo cha chakula hakiguswi. Wanadonoa ncha za majani, wanamkimbiza panzi watano kwa mmoja, mwenye kumpata anatimua mbio naye mdomoni. Ndipo wanarudi kwenye pumba.

Na kwenye pumba lazima warudi. Hapa ndipo wanaoanza hupotoka: wanadhani majani yatawapunguzia nusu ya gharama. Kuku hana tumbo la mbuzi. Kuku wa nyama malishoni bado anategemea chakula chenye mahindi, mashudu, dagaa, chokaa na virutubisho vyake. Majani na wadudu ni kitoweo. Faida utaiona kwingine: kiini cha yai kinakuwa cha njano iliyokolea, ile ambayo mteja anailipia zaidi akiamini ni yai la kienyeji, na shamba lako linapata mbolea bila wewe kushika sepetu.

Vifaranga hawaendi nje mapema. Waache kwenye bruda, chumba chenye joto cha kulelea vifaranga, mpaka manyoya yawafunike, wiki tatu hadi nne. Kwa aina, broila wa kizungu hukaa chini muda mwingi na hachangamkii majani. Kuroiler, Sasso au chotara wa kienyeji hutembea na kutafuta. Wote lazima wachanjwe dhidi ya kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku kwa wingi. Chanjo ya I-2 inayotumika sana Tanzania inavumilia joto kuliko chanjo za kawaida na inatolewa tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mfugaji anayeruka chanjo kwa kuwa kuku wake "wanakula asili" atazika wote kwa wiki moja. Mchana adui ni mwewe, ndiyo maana ya wavu wa juu. Usiku ni kicheche, nyegere na mbwa wa majirani, na nyegere anachimba, kwa hiyo penye nyegere kuku walale kwenye banda lenye sakafu.

Nguruwe ni somo gumu zaidi, na kwa maoni yangu asiwe mnyama wa kwanza wa mtu anayeanza. Kwanza, nguruwe hali majani tu, anafukua. Pua yake ni jembe, na anachokitafuta kiko chini: mizizi, viazi vilivyobaki, minyoo ya ardhi. Ukimweka kwenye shamba la viazi vitamu lililokwisha kuvunwa atakusafishia mpaka kiazi cha mwisho na kukuachia udongo uliotifuliwa. Ukimsahau hapo hapo wiki mbili zaidi utakuta mashimo ya kufika magotini, na masika ikinyesha, hilo si shamba tena ni tope. Kipindi cha mvua kubwa mrudishe bandani. Majani nayo, kama ilivyo kwa kuku, hayamtoshi. Matembele, lusina na maembe yaliyoanguka vinasaidia, lakini chakula kamili kinabaki pale pale.

Pili, jua. Nguruwe hana jasho la kumpoza, kwa hiyo kivuli na dimbwi la tope ni mahitaji, si anasa. Wale weupe, Large White na Landrace, huungua ngozi kama hawana pa kujificha. Duroc mwekundu huvumilia zaidi.

Tatu, na hili ndilo linaloifanya Afrika Mashariki isiwe Virginia: magonjwa mawili. Homa ya nguruwe ya Afrika iliandikwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutoka Kenya, na mtafiti wa magonjwa ya mifugo aitwaye Montgomery, mwaka 1921, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Virusi vyake huishi ndani ya ngiri bila kumuumiza, na kupe laini wa kwenye mashimo ya ngiri huvisambaza. Nguruwe wa kufugwa akivipata, mara nyingi zizi zima linakwisha, na tiba hakuna. Kama unapakana na hifadhi au ngiri wanaonekana kwenu, usifuge nguruwe malishoni hata kidogo. Mahali pengine weka nyuzio mbili zenye nafasi kati yake, usiwape mabaki ya hotelini yenye nyama ya nguruwe, na mnunuzi anayezunguka zizi hadi zizi asiingie kwako na viatu vyake.

Ugonjwa wa pili ni tegu, mnyoo mrefu bapa wa tumboni. Nguruwe anayezurura mahali penye uhaba wa vyoo hula kinyesi cha binadamu. Mayai ya tegu yanaingia, yanakuwa malengelenge kwenye nyama. Mtu akila kitimoto kisichoiva anapata tegu tumboni. Kibaya zaidi, mtu akimeza yale mayai yenyewe, kwa mboga au mikono michafu, malengelenge yanaweza kujijenga ubongoni na kumletea kifafa, hata kama hajawahi kuonja nguruwe maishani. Kwa hiyo choo cha shamba kinachimbwa kabla nguruwe hawajanunuliwa, na kila anayefanya kazi hapo anakitumia. Ulizia pia sheria ndogo za halmashauri yenu, na majirani. Pwani, nguruwe nje ya uzio ni ugomvi hata kabla hajagusa mhogo wa mtu.

Uzio unaofaa ni wa umeme wa sola, nyaya mbili, moja kama sentimita 20 kutoka ardhini na nyingine kama 45. Nunua watoto wawili walioachishwa ziwa, si mmoja, maana mmoja peke yake hunyong'onyea na hutoroka kutafuta wenzake. Siku za kwanza waweke ndani ya zizi imara la mbao lenye waya wa umeme kwa ndani. Nguruwe asiyeujua umeme akipigwa puani hurukia mbele, si nyuma. Penye zizi imara atagonga mbao na kujifunza kurudi, penye waya peke yake atakuwa ameshavuka.

Usiwachanganye na kuku. Nguruwe hula mayai, na kifaranga dhaifu akipita karibu naye huliwa. Wapishane: nguruwe watangulie, kuku wafuate kusawazisha na kuokota wadudu, kisha panda majani au maharage na upumzishe. Tatizo utakalokutana nalo siku ya kuwahamisha nguruwe ni la kuchekesha kidogo: waya umeshauondoa, malisho mapya yako mbele yao, na wao wamesimama palipokuwa na waya hawataki kuvuka. Kuwasukuma haisaidii. Tangu siku ya kwanza weka lango la mbao lisilo na umeme sehemu moja ya uzio, wazoee kupita hapo, na siku ya kuhama mimina pumba upande wa pili.