Je, wajua kwa nini nzi humla kuku angali hai?

Kuku mwenye manyoya makavu na ngozi isiyo na jeraha, nzi hana haja naye. Anachofuata ni harufu: kinyesi kilichoganda chini ya mkia, damu, usaha. Nzi wale wakubwa wanaong'aa kijani au buluu, wanaojaa kwenye matumbo ya samaki sokoni, hutafuta kitu kinachooza wapate kutaga. Kuku aliyechafuka nyuma ananuka hivyo hivyo, na nzi hamngoji afe.

Mayai ya nzi ni meupe, madogo, yamebandikwa kwa vifungu kwenye mashina ya manyoya. Kwa joto letu, hasa wakati wa masika ambapo hata nguo hazikauki, huanguliwa ndani ya siku moja, mara nyingi chini ya hapo. Funza wanaotoka humo hutoa majimaji yanayoyeyusha nyama, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Kidonda kinapanuka, harufu inazidi, nzi wengine nao wanakuja kutaga. Ndiyo maana kuku aliyegombania pumba juzi unaweza kumkuta leo hawezi kusimama. Tena iko aina ya nzi, Afrika na Asia, ambaye funza wake hawataki nyama iliyokufa: hujichimbia kwenye nyama hai, vichwa ndani.

Nzi huyo ana jamaa yake Amerika, na Marekani ilimtokomeza nchini mwake kwa kuzalisha madume tasa, majike wakipandwa nao mayai hayaanguliwi, na kuwamwaga kutoka angani kwa eropleni. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyomaliza mbung'o Unguja katika miaka ya 1990. Kwa kuku wa uani, eropleni haiji, utafanya mwenyewe.

Kuku wetu hushinda vichakani na kwenye migomba, kwa hiyo wakati mzuri wa kuwakagua ni magharibi wanaporudi bandani. Mtilie shaka anayejitenga, ameshusha mbawa na mkia, anajidonoa nyuma kila mara. Mshike, mnuse, kisha upindue manyoya ya chini ya mkia hadi uone ngozi. Juu panaweza kuwa pamelowa kidogo tu. Ukifunua, ngozi inachezacheza. Usiache kutazama chini ya mbawa na mgongoni.

Ukiwakuta funza, mtenge kuku huyo saa hiyo hiyo. Kata manyoya yote yaliyochafuka, maana mayai yamo humo. Chemsha maji, tia kijiko cha chai cha chumvi kwa nusu lita, yaache yawe vuguvugu, umsafishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Funza wanaobaki watoe kwa kibano, mmoja mmoja. Kazi hii inachosha na inanuka, lakini haina mkato. Waliojificha kwenye vishimo zibie mlango kwa mafuta ya mgando. Wakikosa hewa watajitokeza. Kisha suuza kwa aidini iliyozimuliwa hadi rangi ya chai ya rangi, mkaushe vizuri, umlaze mahali pakavu chini ya chandarua. Bila chandarua, nzi watarudi asubuhi.

Mafuta ya taa, petroli na dawa ya kupulizia mbu, hapana. Funza watakufa, ndiyo, lakini sumu inapita kwenye nyama iliyo wazi na kuku naye huenda akafa.

Mkague tena asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, kwani yai moja lililosahauliwa linarudisha kazi yote. Huku ukimtibu, tafuta nzi aliingilia wapi. Kuharisha kwa minyoo? Njia ya yai imetoka nje? Kucha za jogoo zimemchana mgongo? Au cheche, yule mnyama mdogo mwizi wa kuku, alimkosa akamwachia alama ya meno? Kunguru nao, tangu waletwe Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hawajaacha kudonoa. Ukitibu kidonda ukaacha kuharisha, wiki ijayo utakuwa na kibano mkononi tena.

Funza wakiwa wameshatoboa hadi tumboni, au kuku hali wala hanywi, mwite daktari wa mifugo. Akimpa dawa ya kuua funza kwa sindano au ya kunywa, muulize mayai na nyama visiliwe kwa siku ngapi, na uwaambie watoto wa nyumbani, maana wao ndio wanaookota mayai.