Kubadilika maisha si kupata gari

Siku hizi karibu kila anayesimama kushuhudia husema Yesu amembadilishia maisha. Ukimsikiliza hadi mwisho unakuta amepata kazi, amepata visa, amehamia nyumba yenye geti. Bwana asifiwe. Ila hapo zimebadilika hali zake. Yeye mwenyewe bado hatujamsikia.

Kwa Mkristo, maisha kugeuzwa ni mtu mzima kuingia chini ya Kristo: anavyowaza, anavyosema na mkewe, anavyopima sukari dukani. Warumi 12 inaanza na kufanywa upya nia, na kabla haijaisha imeshafika kwenye kumlisha adui mwenye njaa.

Zakayo wa Luka 19 tunamhubiri sana, hasa ule mkuyu alioukwea ili amwone Yesu, halafu hesabu zake tunaziruka: aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Torati, katika Hesabu 5:7, ilimtaka aliyeungama kosa arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano. Kulipa mara nne kulimpasa mwizi aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza (Kutoka 22:1). Sasa huyu ni mkubwa wa watoza ushuru, kazi yake ina kibali cha Warumi, wala hakuna aliyemshitaki. Anajihukumu mwenyewe kama mwizi wa mifugo, tena baada ya kuahidi nusu ya mali yake kwa maskini. Ndipo Yesu anatamka kwamba wokovu umefika nyumbani humo. Katika ibada zetu nyingi angeombewa afunguliwe roho ya kufilisika.

Wazee wa Uamsho, lile vuguvugu la toba makanisani lililoanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, walilijua hili. Aliyeokoka aliungama mbele ya ndugu, akarudisha alichoiba kwa jirani au kwa mwajiri. Wakati wa Mau Mau, uasi dhidi ya Waingereza nchini Kenya miaka ya 1950, wengi wao huko walikataa kiapo cha waasi, na wengi walikataa pia kushika bunduki upande wa serikali ya kikoloni. Baadhi waliuawa kwa msimamo huo. Walikuwa na upungufu wao, wengine wakipima wokovu kwa mavazi, lakini hawakuuita utajiri mabadiliko.

Na ni Rwanda hiyohiyo ambako mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu waliuawa ndani ya makanisa, Ntarama na Nyamata, na wengi wa wauaji walikuwa wamebatizwa. Imani ilikuwa imegusa Jumapili, pombe na ndoa, lakini suala la kabila likaachwa lilivyo.

Basi, ndugu yangu, ukipata gari sema umebarikiwa, nasi tutaitika amina kwa moyo mweupe. Ukisema umebadilika, utuwie radhi tukimuuliza dada anayekufanyia kazi nyumbani kama mshahara wa mwezi uliopita ameupata.