Kozi ya kusafisha vioo: kabla hujalipia ile ya kamba

Swali linalonijia sana siku hizi ni hili, "kaka, kozi ya kuning'inia na kamba ni bei gani, nataka nianze kupiga kazi kwenye yale maghorofa ya Posta hapa Dar". Jibu langu linawaudhi wengi maana nawaambia kamba iache kwanza. Sio kwamba kamba haina hela, inayo, ila ukianzia huko unalipa hela ndefu halafu unarudi Mbagala na kadi yako mfukoni huna pa kuipeleka.

Ngoja nieleze kwanini. Mfumo wa kamba unaotambulika karibu kila sehemu duniani ni wa IRATA, chama kilichoanzia Uingereza miaka ya 1980 kwa watu wa majukwaa ya mafuta baharini. Wana ngazi tatu za ujuzi. Ya kwanza unasoma siku zisizopungua nne halafu unapimwa na mtu wa nje, sio yule yule aliyekufundisha, na cheti kinaisha baada ya miaka 3. Sasa hapa ndo pa kusoma mara mbili: mtu wa ngazi ya kwanza haruhusiwi kufanya kazi bila msimamizi wa ngazi ya tatu kuwepo hapo saiti, na ili upande ngazi ya pili unatakiwa uwe na masaa 1,000 ya kamba yameandikwa kwenye logibuku, yaani daftari lako la kazi, pamoja na miezi 12 ya kazi. Kwahiyo ukichukua ngazi ya kwanza peke yako ukasema unafungua kampuni, hujafungua kitu, umepata ruhusa ya kuajiriwa na mwenye msimamizi. Kama unaye huyo mwajiri tayari basi nenda kasome, na kabla ya kulipa angalia kama chuo chenyewe kipo kwenye orodha ya IRATA mtandaoni, maana karatasi yenye picha ya mtu ananing'inia yeyote anaweza kuprinti.

Hela ya mtu anayeanza ipo chini. Pita Ali Hassan Mwinyi mpaka Mwenge, au Nyerere Road kuelekea Airport, angalia kwa jicho la kazi: benki, shorumu za magari, famasi, supamaketi, kliniki, sheli zenye duka, ofisi za ghorofa mbili tatu. Vile vioo vinakula vumbi na moshi wa bodaboda kila siku, meneja anataka vifutwe kila wiki, wakati lile ghorofa refu linasafishwa mara chache kwa mwaka na mara nyingi lishashikwa na kampuni.

Sasa kozi ya kuanzia iwe na nini. Mkono kwanza. Skwizi, ule mpira mrefu wenye mshikio, watu wanaudharau kwa sababu kila siku wanawaona vijana wa kwenye mataa wakiuvuta kwenye vioo vya magari, na niseme ukweli baadhi ya wale madogo wana mkono mzuri kuliko waliotoka darasani. Ila kioo cha dukani kina urefu wa mita mbili na nusu na mteja anakiangalia jua likipiga, mstari mmoja tu umebaki anauona. Mwanafunzi anatakiwa ajue kukausha ukingo wa juu kwanza, kuvuta kwa kupindapinda bila kunyanyua mpira, kujua pembe ya kuushikilia, na kujua lini ageuze mpira na lini autupe (mpira uliochanika kidogo pembeni unachora mistari siku nzima na mtu analaumu sabuni). Sabuni yenyewe ni matone tu ya sabuni ya vyombo kwenye ndoo, ukizidisha ndo unapata ule ukungu. Na jua la Dar usishindane nalo, asubuhi fanya upande wa magharibi, mchana ukigeuka unahamia mashariki, kioo cha moto kinakausha maji kabla hujavuta. Kozi ambayo masaa mengi ni slaidi na kushika skwizi ni nusu saa ya mwisho, achana nayo.

Halafu maji. Hii wakufunzi wengi wanairuka na kwa mji wetu ni kosa kubwa. Majengo mengi hapa yanatumia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi, unaosha kioo vizuri kabisa kikikauka unakuta madoa meupe ya duara, hayo ni madini yaliyobaki baada ya maji kuondoka na ukiyaacha miezi yanashika kwenye kioo hayatoki kwa kitambaa. Ukitumia skwizi unakuwa salama kiasi kwa sababu unayavuta maji yote. Shida inakuja kwenye zile fimbo ndefu zinazopitisha maji mpaka brashi ya juu, ambazo kwa jengo la ghorofa tatu ndo jibu zuri kuliko ngazi, unabaki umesimama chini. Zile hazikaushi, zinaacha maji yakauke yenyewe, kwahiyo lazima yawe maji yaliyotolewa madini yote, kile kipimo cha mkononi cha kupima madini kisome sifuri au karibu na hapo. Maji yanapitishwa kwenye mtungi wa punje zinazonasa madini, na kadri maji yalivyo na chumvi ndivyo punje zinavyochoka haraka, mtu akijaza maji ya kisima moja kwa moja anashangaa mtungi umekufa wiki mbili. Weka kwanza mashine ya kuchuja kwa presha, ile ya RO kama ya wauza maji ya kunywa, ndipo upitishe kwenye punje. Na fimbo za kaboni zinapitisha umeme, kabla ya kuinyanyua angalia nyaya za TANESCO ziko wapi, kwa mitaa yetu ya Kariakoo na Magomeni nyaya zipo usawa wa dirisha.

Kioo chenyewe pia kina tabia zake. Kuna chenye tinti ya kubandika ndani, hicho wembe haugusi na dawa yenye amonia inakiharibu. Kuna vya kung'aa ambavyo ule mng'aro umepakwa upande wa nje, ukikwangua unautoa na kioo unakilipa wewe. Jengo jipya lenye matone ya simenti na rangi ndo kazi inayofilisi watu, kwa sababu kioo kilichoimarishwa kwa moto kiwandani wakati mwingine kinatoka na chembe ndogo zimegandia juu yake, ukipitisha wembe zinang'oka zinaburuzwa na kuchora kioo kizima. Kwahiyo kabla ya kukwangua unajaribu sehemu ndogo mbele ya mwenye jengo na anasaini karatasi kwamba ameelezwa hatari ya mikwaruzo. Asipotaka kusaini usikwangue. Na asidi ya vyooni iache chooni, inakula fremu za alumini.

Usalama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamuwekea mwajiri jukumu la kulinda watu wake, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, ndio wasimamizi, wanatoa mafunzo ya kazi za juu na pia wafanyakazi wanapimwa afya kabla ya kuanza kazi. Hii kozi ya kazi za juu mi naishauri hata kwa mtu anayepanda ngazi ya kawaida tu ya kuegemeza ukutani, maana watu wanaanguka kwenye ngazi za mita tatu. Kanuni ni nyepesi, kila mita 4 za kwenda juu mguu wa ngazi unakaa mita 1 kutoka ukutani, na wakati wote viungo vitatu vinagusa ngazi. Ukifika kwenye mkanda wa kujifunga basi swali linakuwa lingine: mtu akiteleza akabaki ananing'inia, nani anamshusha? Mtu aliyening'inia bila kujisogeza damu inakwama miguuni na anaweza kupoteza maisha ndani ya muda mfupi, kwahiyo kupiga 114 ukasubiri Zimamoto watoboe foleni ya Morocco sio mpango wa uokoaji. Mpango ni watu wako hapo hapo, vifaa vipo, na mmeshafanya mazoezi.

Nakuja kwenye kile ambacho kozi nyingi hazigusi kabisa, yaani makaratasi, na kwa kazi za ofisi na mabenki haya ndo yanakupa mlango. Meneja wa jengo hakuulizi unavuta vipi skwizi. Anauliza usajili wa BRELA (wanaosajili kampuni na majina ya biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni, risiti ya EFD (ile mashine ya risiti ya TRA), uthibitisho kwamba watu wako wapo NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), bima ya kulipa ukimvunjia mtu kioo au ukimuangushia ndoo mteja wake, halafu anataka karatasi mbili: inayoeleza hatua kwa hatua utafanyaje kazi, na inayotaja hatari na utazizuia vipi. Hizo karatasi mwanafunzi anatakiwa aziandike akiwa kozini, kwa jengo halisi alilolitembelea, sio kupewa kopi ya mtu abadilishe jina. Mameneja wanazijua hizo kopi, unakuta jengo la Masaki limeandikiwa tahadhari ya barafu.

Na bei. Tembelea jengo, hesabu vioo, andika vipi vya chini vipi vya juu, maji yanatoka wapi, gari linapaki wapi, kazi ni kabla hawajafungua au usiku. Kadiria masaa ya watu, weka posho na nauli, vifaa, bima, faida, ndo uandike namba. Wengi wanapiga simu kuuliza mwenzao alichaji ngapi, wanapunguza kidogo, wanashinda tenda, mwezi wa tatu wanatoroka. Kumbuka pia kampuni kubwa inalipa baada ya siku 30, au 60, au mpaka uchoke, na ikilipa inakata asilimia 5 ya malipo yako kama kodi ya zuio, kwahiyo dai kile cheti cha zuio kwa sababu TRA wanakihesabu kwenye kodi yako ya mwaka. Vijana wako hawasubiri siku 60, mshahara wa mwezi wa kwanza na wa pili uwe nao kabla hujasaini.

Kama bado mtaji mdogo, mkiwa kikundi cha vijana au wanawake mliosajiliwa angalieni tenda za taasisi za umma kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, sheria ya manunuzi imetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu na usafi ni moja ya kazi zinazotangazwa humo. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, kwahiyo akaunti na nyaraka ziwe tayari kabla ya hapo, sio siku tangazo limetoka ndo unaanza kutafuta nywila.