Pathways: mlango wa wanafunzi na wahitimu wapya katika ajira ya serikali ya Marekani

Pathways ni jina la mipango ambayo serikali ya shirikisho ya Marekani huitumia kuajiri wanafunzi walio bado masomoni na watu waliohitimu karibuni. Wengi wakiisikia hudhani ni mafunzo ya vitendo tu: kijana anakwenda wizarani likizo ya kiangazi, anapewa cheti, anarudi chuoni. Kiini chake hakiko hapo. Mtu aliyepita humo na kutimiza masharti anaweza kupewa ajira ya kudumu bila kushindanishwa upya na waombaji wengine wote. Hilo ndilo linaloitofautisha na mafunzo mengine, na ndilo la kuulizia kabla hujajaza fomu yoyote.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo ni kubwa, lazima turudi nyuma kidogo. Mwaka 1881 Charles Guiteau, mtu aliyeamini kwamba anadaiwa cheo kwa kuunga mkono chama kilichoshinda uchaguzi, alimpiga risasi Rais James Garfield, naye akafariki Septemba mwaka huohuo. Wakati ule kazi za serikali ziligawiwa kama zawadi kwa wafuasi wa chama. Kifo hicho kiliharakisha Sheria ya Pendleton ya mwaka 1883, iliyoagiza kazi zitolewe kwa mashindano ya wazi, kwa sifa ya mtu wala si kwa kadi yake ya chama. Sheria ilianza na sehemu ndogo tu ya kazi za serikali, kisha ikapanuliwa miaka iliyofuata.

Ni msingi mzuri, na ninauheshimu. Ila una gharama kwa kijana. Katika mashindano ya wazi, aliyemaliza chuo mwezi uliopita huwekwa kwenye mizani moja na mtu mwenye miaka kumi kazini, na ukurasa wa uzoefu ndio unaoamua. Matokeo yake, watumishi wa serikali ya shirikisho walio chini ya miaka 30 wamekuwa chini ya mmoja kati ya kumi kwa miaka mingi, huku wazee wakistaafu kwa mkupuo.

Jaribio mojawapo la kurekebisha hali hiyo lilikuja mwaka 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton iliyoanzisha mpango wa watarajali, yaani watu wanaojifunza kazi, katika ajira za serikali. Idara ziliupenda kwa sababu uliziruhusu kuajiri bila kutangaza nafasi kwa umma. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Wanajeshi wa zamani, ambao kisheria wana haki ya kufikiriwa kwanza, waliona wenzao wakiingia kwa mlango wasiooneshwa wao. Mwaka 2010 bodi inayosikiliza mashauri ya watumishi iliamua kwamba mpango ulikiuka haki hiyo. Tarehe 27 Desemba 2010 Rais Barack Obama akasaini amri namba 13562 iliyoanzisha Pathways, nayo ikaanza kazi Julai 2012. Safari hii nafasi zilitakiwa kutangazwa, na upendeleo kwa wanajeshi wa zamani ukabaki.

Amri ile ilikuwa na mikondo mitatu. Wa kwanza ni wa watarajali, yaani wanafunzi wenyewe, kuanzia sekondari hadi shahada ya uzamivu, pamoja na wa vyuo vya ufundi. Sharti ni uwe umeandikishwa au umekubaliwa chuoni, na usome angalau nusu ya mzigo wa masomo wa mwanafunzi wa kawaida. Kazi inalipwa, tena huweza kufanywa kwa saa chache muhula unapoendelea na kwa siku nzima wakati wa likizo. Ili mtarajali afikiriwe kwa ajira ya kudumu anatakiwa awe amemaliza masomo, amefanya kazi vizuri na amefikisha saa zinazotakiwa. Zamani zilikuwa 640. Kanuni mpya za mwaka 2024 zilizishusha hadi 480.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Saa 640 ni wiki 16 za kazi ya siku nzima, na likizo ya kiangazi haifiki huko. Saa 480 ni wiki 12. Mwanafunzi mwenye kiangazi kimoja tu, kwa sababu miaka mingine alilazimika kufanya kazi nyingine kulipia ada, sasa anaweza kutimiza sharti kwa mkupuo mmoja. Kanuni hizohizo ziliongeza muda wa kumbadilisha mtarajali kuwa mwajiriwa wa kudumu baada ya kumaliza masomo, kutoka siku 120 hadi 180. Miezi hiyo miwili ya nyongeza ina uzito, kwani makaratasi ya utumishi na uchunguzi wa usalama huenda polepole, na si haki kijana apoteze nafasi kwa sababu faili lake limekaa mezani kwa mtu.

Mkondo wa pili ni wa wahitimu wapya. Unaomba ndani ya miaka miwili tangu umalize masomo. Aliyezuiwa na utumishi wa jeshi huongezewa muda, lakini hauwezi kuvuka miaka sita tangu ahitimu. Mpango huchukua walau mwaka mmoja, ukiwa na mlezi wa kazi na angalau saa 40 za mafunzo rasmi kwa mwaka. Tangu 2024 waliomaliza mafunzo ya ufundi nao wanakubalika, hata wasipokuwa na shahada. Nadhani hatua hiyo ilichelewa mno. Serikali inahitaji mafundi umeme na wataalamu wa mitandao kama inavyohitaji wachumi.

Wa tatu ulikuwa wa wenye shahada za juu walioandaliwa kwa uongozi, uitwao Presidential Management Fellows. Ulikuwa mkongwe kuliko Pathways yenyewe, kwani ulianza mwaka 1977 chini ya Rais Jimmy Carter. Rais Donald Trump aliufuta kwa amri ya Februari 2025, kwa hiyo ukikuta maelezo ya zamani yanayoutaja kana kwamba upo, yapite.

Sasa turudi kwenye ile ajira ya kudumu, kwa sababu hapo ndipo watu huumia. Sheria inairuhusu idara kukubadilisha, haiilazimishi. Ukitimiza kila sharti na idara haina bajeti au nafasi, mkataba unakwisha na safari inaishia hapo. Tena aliyepata ajira huenda akawa bado katika kipindi cha majaribio, na Februari 2025 maelfu ya watumishi waliokuwa katika kipindi hicho waliachishwa kazi. Lipo pia suala la uraia: huwezi kupewa ajira ya kudumu kupitia Pathways kama si raia wa Marekani ifikapo siku ya mabadiliko hayo, na matangazo mengi hudai uraia tangu siku ya kuomba. Familia zilizohamia Marekani zilijue hili mapema, kabla mtoto hajaweka matumaini yote huko.

Nafasi hutangazwa katika USAJOBS, tovuti ya serikali ya shirikisho ya matangazo ya kazi. Tangazo la Pathways huweza kukaa wazi siku chache tu, na mara nyingine hufungwa likifikisha idadi fulani ya maombi, hivyo wasifu na nakala ya matokeo ya chuo viwe tayari kabla. Isome sehemu ya ngazi ya mshahara kwa makini. Kwa kazi nyingi za kitaalamu, mwenye shahada ya kwanza huanzia GS-5 (GS ni ngazi za mshahara za serikali ya shirikisho), lakini akiwa na wastani wa alama 3.0 kati ya 4.0 au zaidi anaweza kuanzia GS-7, na mwenye uzamili GS-9. Wako wanaostahili ngazi ya juu wakaiacha kwa kusahau kuambatisha karatasi moja ya matokeo. Na kabla ya kukubali nafasi, muulize ofisa utumishi aliyetajwa chini ya tangazo swali moja kwa maandishi: je, nafasi hii inaweza kubadilishwa kuwa ajira ya kudumu, na watarajali wangapi wa mwaka uliopita walibadilishwa?