Camogli kwa jicho la fundi chokaa

Watu wakisikia nilikaa Genova, Italia, miezi mitatu kwa mafunzo ya ukarabati, swali la kwanza huwa ni Portofino. Nilifika Portofino, nikanywa kahawa kwa bei ya chakula cha mchana, nikarudi. Siku ninayoikumbuka ni ya Camogli, mji ulio upande wa pili wa rasi hiyohiyo, ambako sikufanya cha maana isipokuwa kutazama kuta, kula, na kupanda boti. Mimi ni fundi chokaa. Kazi yangu ni nyumba kongwe za Mji Mkongwe, Unguja, kwa hiyo kukodolea ukuta macho ndiyo mapumziko yangu. Kama wewe si fundi, nivumilie kidogo, chakula kitafuata.

Nilikwenda na mwenyeji wangu, dada mmoja wa Mombasa anayeishi Genova miaka mingi. Jambo la kwanza aliloniambia kituoni: "Kaka, tiketi wapiga muhuri kabla hujapanda." Tiketi ya karatasi ya treni hizi za mkoa unaiingiza kwenye kimashine kilichopo hapo kituoni. Usipofanya hivyo unakuwa umelipa na bado ni mkosaji. Treni inafuata pwani, inaingia handakini na kutoka, bahari inaonekana kidogo halafu giza, bahari halafu giza, na baada ya nusu saa na ushei unashuka kituo kinachoitwa Camogli-San Fruttuoso. Kutoka hapo ni kuteremka ngazi tu.

Ukifika chini, ufukweni, unageuka nyuma na ndipo unapata ule mshituko. Nyumba zimesimama bega kwa bega, ghorofa sita, saba, zote zinatazama bahari. Ni nyembamba na ndefu kwa sababu mlima unaanza hapohapo mgongoni mwao. Mji haukuwa na pa kutanuka ila juu. Na rangi: samli, papai lililoiva, waridi, matofali, damu ya mzee. Nilimwona paka mweupe dirishani, ghorofa ya tatu, nikasimama kumtazama. Hakutikisika. Nikasogea hatua kumi. Paka yuleyule, sura ileile. Alikuwa amechorwa, na dirisha lake limechorwa, na pambo la mawe lililozunguka dirisha nalo limechorwa.

Hilo ndilo jambo la kuangalia katika pwani hii ya Liguria. Nusu ya unachokiona kwenye ukuta hakipo. Mawe ya pembeni yanayoonekana yamechongwa, vitako vya madirisha, nguzo, ukanda wa mapambo chini ya paa, mara nyingi ni lipu tambarare na brashi. Jiwe la kuchonga ni ghali, na mtu mwenye nyumba nyembamba ya ghorofa saba hawezi kulipia kuchongewa kila dirisha. Mchoraji alikuwa rahisi zaidi. Pia ndani ya nyumba huenda mahali fulani pana ngazi au kabati, dirisha la kweli haliwezekani, lakini kwa nje safu lazima ikamilike; basi linachorwa. Ukitaka kuyatambua ya uongo, tafuta dirisha lisilobadilika kivuli. Mengi ya kweli yana milango ya luva ya kijani, ambayo Waitaliano wanaiita persiane, yaani za Kiajemi. Kipande cha chini kinasukumwa nje kikabaki kimening'inia, ili aliye ndani achungulie njia bila yeye kuonekana. Mtu wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa faida yake.

Sasa chokaa, maana hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Unachukua mawe ya chokaa, unayachoma kwenye tanuu kwa moto wa kama nyuzi 900, hewa ya kaboni inatoka, mawe yanabaki mepesi na makali. Unayazima kwa maji, yanachemka yenyewe na kuwa uji mzito. Ukiupaka ukutani, unaanza kuivuta ileile hewa iliyofukuzwa na moto, na taratibu unarudi kuwa jiwe. Sisi Unguja tunachoma matumbawe, wao wanachoma mawe ya mlimani, lakini safari ni hiyohiyo ya jiwe kwenda na kurudi. Mchoraji wa Liguria aliiwahi safari hiyo katikati. Alipiga rangi iliyochanganywa na maji wakati niru ya mwisho, lile tabaka la juu la chokaa, bado mbichi, na niru ilipogeuka jiwe ikaifungia rangi ndani yake. Rangi hiyo huwezi kuibandua kama ngozi ya kitunguu, maana imekuwa ukuta.

Kazi hiyo ilitaka haraka na hesabu. Sogea karibu na ukuta wa zamani asubuhi, kabla jua halijaupiga usoni, utaona mistari myembamba iliyozama kidogo: hapo fundi alipiga uzi kwenye lipu mbichi kupata mstari wa dirisha la uongo. Niliona mmoja kwenye uchochoro, na pembeni yake alama ndogo ya msumari alipofunga uzi. Nimepiga uzi maelfu ya mara maishani mwangu. Nilisimama pale kama mtu aliyekuta mwandiko wa babu yake.

Na kwa nini rangi zile hazigombani, ingawa kila nyumba ina yake? Watakuambia wavuvi walipaka kila mmoja rangi tofauti ili aitambue nyumba yake akiwa baharini. Sina ugomvi na hadithi hiyo, inauza kadi za posta. Lakini nilipokuwa kwenye boti niligeuka makusudi kutafuta rangi moja moja, na kabla hatujafika mbali zilikwisha kuyeyuka kuwa ukanda mmoja wa rangi ya dhahabu. Nilichoweza kutambua kilikuwa kanisa, ngome na umbo la mlima. Nahodha wa kwetu hatafuti rangi ya nyumba, anatafuta rasi na minazi, na sidhani wa kwao alikuwa mjinga zaidi.

Jibu la fundi ni chokaa. Chokaa mbichi ni kali, inaunguza ngozi na inaunguza rangi. Rangi za majani na maua hufa humo. Zinazosalimika ni za udongo: udongo wa manjano, ambao ukiuchoma unageuka mwekundu, udongo wa hudhurungi wa Siena, udongo wa kijani wa upande wa Verona. Na zote hizo, manjano, nyekundu, hudhurungi, hata ule wa kijani, zinapata rangi yake kutoka kwenye chuma. Kwa hiyo mtaa mzima wa Camogli ni watoto wa baba mmoja. Wametofautiana sura, damu ni moja, ndiyo maana wanakaa pamoja bila kupigana. Buluu utaitafuta. Siku hizi si kila ukuta una chokaa, rangi za viwandani zimeingia, na jicho linazijua: zinang'aa sawasawa asubuhi na jioni, hazina kina.

Kuna namna rahisi ya kupima. Pitisha kidole gumba ukutani. Chokaa huacha vumbi laini kidoleni, rangi ya plastiki haiachi kitu. Nilikuwa nafanya hivyo kwenye ukuta wa waridi uchochoroni, dirisha la juu yangu, la kweli hili, likafunguka. Bibi mmoja alinifokea kwa Kiitaliano cha kasi ambacho sikukielewa isipokuwa maana yake. Dada akacheka, akasema, "Wamsumbua mama wa watu," kisha akamjibu bibi kwa upole kwamba mimi ni fundi. Bibi akanyamaza. Akauliza neno moja: *calce?* Chokaa? Nikaitikia kwa kichwa. Akashuka, na slipa zake, akanishika mkono wa shati akanipeleka nyuma ya nyumba.

Alichotaka kunionyesha ninakijua kama ninavyojua viganja vyangu. Miaka mingi nyuma sehemu ya chini ya ukuta ilitiwa kiraka cha simenti. Juu ya kiraka, na pembeni yake, lipu ya zamani ilikuwa imevimba na kubanduka, na mstari mweupe wa chumvi umejichora kama povu la wimbi. Simenti haipumui. Maji ya bahari yanapanda ukutani kutoka chini, yakikuta chokaa yanatoka nje na kukauka, yakikuta simenti yanakwama nyuma yake au yanatafuta njia ya kuizunguka. Maji yanakauka, chumvi inabaki, inakuwa punje, punje zinatanuka na kusukuma lipu. Anayebomoka ni jirani laini wa simenti, wala si simenti yenyewe, ndiyo maana watu hawaishutumu. Nilimwambia bibi, kupitia kwa dada, aitoe yote, aache ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha apige chokaa. Akasema mafundi watatu wamemshauri aongeze simenti. Nilitaka kumwambia kwamba hao watatu wako Unguja pia.

Pesa iliyojenga nyumba hizi ilitoka baharini, ingawa si kwa kuvua samaki. Katika karne ya 19 Camogli ilikuwa na merikebu za tanga nyingi kiasi kwamba iliitwa mji wa merikebu nyeupe elfu moja. Mwaka 1853 wenye merikebu walianzisha bima yao wenyewe ya kuchangiana, ili aliyezamiwa na chombo ainuliwe na waliobaki. Tungekuwa sisi tungesema upatu wa vyombo. Hata jina la mji wenyewe wanalifasiri kuwa nyumba ya wake, kwa kuwa waume walikuwa safarini mwaka mzima. Ni tafsiri ya mitaani, lakini wanawake wa pwani yetu wa zama za majahazi wangeielewa upesi.

Boti ya San Fruttuoso inachukua kama nusu saa, inapitia Punta Chiappa. Panda kabla ya adhuhuri, na ukiamka ukakuta bahari imechafuka usijisumbue, haziendi. San Fruttuoso ni abasia ya kale, makao ya watawa, iliyobanwa kati ya msitu na ghuba ndogo, haifikiki kwa gari. Kwenye ghuba hiyo, kina cha kama mita 17, imezamishwa sanamu ya shaba ya Yesu akiwa ameinua mikono, tangu 1954. Wapiga mbizi huifuata. Mimi nilikaa kwenye kokoto nikalowesha miguu.

Ila kilichonifurahisha zaidi safarini ni kitu ambacho abiria wenzangu hawakukitazama mara mbili: msitari wa maboya karibu na Punta Chiappa. Hiyo ni tonnarella, mtego wa samaki ambao Camogli wameutumia tangu karne ya 17. Anayejua wando atauelewa papo hapo. Wavu haukokotwi, umesimama. Ukuta mrefu wa wavu unamzuia samaki anayefuata pwani, anaufuata akitafuta mwisho wake, na mwisho wake ni chumba. Unawekwa majira ya Aprili hadi Septemba, na wavuvi wanakwenda kuuinua kwa mikono. Dada akaniambia kinachofumiwa: nyuzi za makumbi ya nazi, zinazoagizwa India. Msimu ukiisha wanaukata wavu na kuuacha uzame, uoze, uliwe. Nikawakumbuka wanawake wa Jambiani wanaofukia makumbi mchangani, wakayafukua baada ya miezi yananuka, wakayaponda, wakayasokota mapajani kuwa kamba. Nimefika Ulaya kushangaa kamba ya kumbi.

Njaa ilitupeleka kwenye duka la mkate. Focaccia ya huku ni mkate bapa, laini, wenye vishimo vya vidole vilivyojaa mafuta ya zeituni na chumvi; unakatiwa kwa uzito, unafungiwa kwenye karatasi, unaula ukitembea. Ipo na ile ya mji wa jirani, Recco: matabaka mawili ya unga usio na hamira, membamba kama chapati ya maji, jibini laini katikati, inatoka tanuri ikiwa imetutumka. Ile ichukue ya moto, ikipoa inakuwa kiatu. Nikala na farinata, ambayo ni unga wa dengu, maji, mafuta na chumvi, umeokwa kwenye sinia kubwa hadi ukingo ukaungua kidogo. Ladha yake ilinipeleka moja kwa moja kwenye bajia. Kuna na vikeki mashuhuri vya mji, vimejazwa krimu yenye pombe ya rum. Dada aliniwahi kabla sijang'ata. Samaki wa kukaanga tulimkuta pia, ingawa kama ni samaki ndiyo unafuata, nenda Jumapili ya pili ya Mei, siku ya sikukuu ya samaki. Wanakaanga kwenye kikaango cha upana wa karibu mita 4. Vikaango vilivyostaafu vimetundikwa ukutani mjini, na mpini wake mrefu kama mlingoti.

Baada ya kula usiende popote. Sehemu hii ya ufukwe inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi nyumba zote zina kiza na michoro inaonekana ya uongo wazi wazi, vivuli vilivyochorwa havina jua la kuvizaa. Alasiri jua linageuka, linazipiga usoni, kisha linaanza kushuka. Tulikaa kwenye ukuta mdogo juu ya kokoto. Mwendo wa saa kumi na moja nilimtafuta paka wangu. Mwanga ulikuwa unaingia kwa ubavu, na kivuli cha kitako cha dirisha la kweli kilikuwa kimeangukia upande uleule, kwa mshazari uleule, kama kivuli alichochora fundi chini ya dirisha la paka. Kwa dakika chache hapakuwa na tofauti. Mchoraji yule alikaa mahali fulani hapa chini, alasiri kama ile, akalipima jua kabla hajachovya brashi.

"Kaka, treni," dada alisema. Nikamwambia tusubiri inayofuata.