Kusoma misimbo ya hitilafu kwenye Hilux ya zamani yenye injini ya 22R-E

Mwenye Toyota Hilux ya injini ya 22R-E, ile ya petroli ya lita 2.4 inayotumia nozeli badala ya kabureta, hahitaji mashine ya kupimia ili ajue kompyuta ya injini inalalamikia nini. Hata akiipata, haina pa kuchomekwa, kwa sababu soketi ya pini 16 inayotafutwa na mashine za kisasa ilifanywa sharti kwa magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996, na injini hii ni ya kabla ya hapo. Kompyuta yake hujieleza kwa kumemetesha taa ya injini kwenye dashibodi. Zile Hilux za dizeli zenye injini za 2L na 3L na pampu ya kawaida hazina kompyuta ya injini, kwa hiyo maelezo haya hayazihusu.

Kwanza hakikisha taa yenyewe ni nzima: ukifungua swichi bila kuwasha injini, ni lazima iwake. Isipowaka, angalia balbu kabla ya kingine chochote, kwani wapo wauzaji wanaoichomoa ili mnunuzi asiulize maswali. Kisha fungua boneti, utafute kiboksi cha plastiki chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSIS, na swichi ikiwa imezimwa uunganishe matundu ya TE1 na E1 kwa kipande kifupi cha waya. Soma herufi zilizo chini ya mfuniko kwa utulivu, maana humo humo kuna tundu la +B lenye umeme wa betri, na kulikutanisha na E1 ni kupiga shoti. Zima kiyoyozi, weka gia huru, usikanyage mafuta, halafu fungua swichi.

Taa ikimemeta mfululizo kwa mwendo ule ule bila kutua, hakuna msimbo uliohifadhiwa. Ikiwa upo, tarakimu ya kwanza huhesabiwa kwa mimemeto, taa hutua kwa sekunde 1.5, kisha hufuata tarakimu ya pili. Kati ya msimbo mmoja na mwingine kuna kituo cha sekunde 2.5. Asiyezingatia vituo hivyo atahesabu mimemeto minne na kusema ni msimbo wa nne, wakati alichooneshwa ni 22. Ukiona 51, usihangaike mpaka uhakikishe kwamba kiyoyozi kimezimwa na hukuwa umekanyaga mafuta.

Msimbo hautaji spea iliyokufa, bali hutaja njia ya umeme ambayo taarifa zake hazikubaliki kwa kompyuta, na njia hiyo ina sensa (kifaa kinachopima na kuipa kompyuta taarifa), soketi, waya, ethi (waya wa kwenda kwenye bodi) na kompyuta yenyewe. Chukua huo 22, ambao ni wa sensa ya joto la maji. Kompyuta ikikosa taarifa hiyo huamua kudhani kwamba maji yana nyuzi 80, kwa hiyo injini ya baridi hupewa mafuta machache, na gari huamka kwa tabu na kusitasita mpaka lipate moto. Mtu wa Makambako au Limuru ataliona tatizo hili mapema kuliko wa Tanga.

Wengi hukimbilia dukani, na wengine hurudi na sensa isiyohusika. Sensa ya geji ya dashibodi ina waya mmoja, ilhali ya kompyuta ina waya mbili. Kuibadilisha ya geji hakutaondoa msimbo hata ungenunua mpya kabisa. Chomoa soketi ya sensa ya kompyuta, fungua swichi, upime kwa multimita kati ya waya zake mbili: panapaswa kuwa na takriban volti 5. Zikikosekana, sensa haina kosa, na kazi yako ni kufuata waya. Zikiwapo, pima ukinzani wa sensa: katika nyuzi 20 huwa kati ya omu 2,000 na 3,000, na katika nyuzi 80 hushuka hadi kati ya 200 na 400. Kwa joto la Dar es Salaam usomaji wa asubuhi utakuwa chini kidogo ya ule wa kwanza, na hilo si ubovu. Sensa ikipima vizuri, chungulia ndani ya soketi, kwani mara nyingi pini imeota kutu ya kijani au waya umekatika ndani ya gamba lake huku nje ukionekana mzima. Uvute taratibu, na ule uliokatika utanyumbuka kama mpira.

Msimbo 21 wa sensa ya oksijeni unataka subira hiyo hiyo, kwa kuwa ekzosti iliyotoboka mbele ya sensa huingiza hewa ya nje na kuifanya itoe taarifa ya uongo. Kinyume chake, injini iliyoondolewa themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), desturi ambayo siipendi hata kidogo, inaweza kukaa ya baridi na kunywa mafuta bila msimbo wowote, kwa sababu sensa inasema kweli.

Ukishatengeneza, zima swichi na uchomoe fyuzi iliyoandikwa EFI, yaani ya mfumo wa nozeli, kwa sekunde 10 au zaidi ili kufuta kumbukumbu, kisha endesha gari na usome upya. Kuchomoa waya wa betri nako hufuta, ila utapoteza saa na stesheni za redio.